Mama Mkwe Aliyenifundisha Baiskeli

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya utunzaji wa uumbaji nikiwa kwenye jiko la usharika, nachemsha chai. Waraka ulikuwa umetoka juu ukiagiza kila usharika uwe na kamati ya namna hiyo, na wazee wa kanisa walikuwa wamekaa saa nzima bila mtu kujitolea. Niliporudi na birika wakanipigia makofi. Nilidhani ni kwa ajili ya chai.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mimi, mwalimu wa kemia sekondari. Fundi cherehani mmoja, mama mwenye kibanda chake karibu na stendi ya Nyegezi. Na mzee mmoja aliyestaafu kazi ya maji miaka mingi iliyopita lakini bado anavaa buti za kazini, hata kanisani. Tulikutana mara moja tukaandika mpango. Kwanza, kupanda miti kuzunguka kanisa. Pili, kuokota taka ufukweni mwa ziwa. Fundi akasema mpango wenye mambo mawili unaonekana kama haujaisha, hivyo tukaongeza la tatu: kupunguza matumizi ya magari pale inapowezekana. Hatukulifikiria zaidi ya hapo.

Jumapili, mzee wa buti akausoma mpango mbele ya usharika. Mchungaji alishukuru. Alisema jambo la tatu limemgusa kwa namna ya pekee, na anaamini mwenyekiti ataanza yeye mwenyewe ili wengine wajifunze kwake. Usharika ukaitikia amina. Ilikuwa amina nzito, ya watu ambao jambo haliwahusu.

Kutoka nyumbani kwetu Nyegezi hadi shuleni ninakofundisha, upande wa Butimba, ni kilomita nne hivi. Kwa miaka tisa nilikuwa nazipita kwa gari, mimi na viti vinne vitupu. Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya uchafuzi wa hewa, nilikuwa nachora gari ubaoni na moshi ukitoka nyuma. Nachora vizuri. Kisha kipindi kinaisha, nachukua ufunguo wangu mezani, narudi nyumbani.

Niliwaza kutembea kwa miguu, lakini kipindi changu cha kwanza huanza asubuhi mapema na madaftari ya vidato viwili yana uzito wake. Bodaboda nayo ni kuuhamisha moshi tu. Ikabaki baiskeli, na tatizo la baiskeli ni kwamba sikujua kuiendesha. Nyumbani kwetu Kagera baba alikuwa nayo moja. Ilibeba kahawa na mikungu ya ndizi, na kaka zangu wote walijifunzia hiyo hiyo. Sisi wasichana tulikuwa tunaiosha. Hakuna aliyetukataza kuipanda. Jambo halikuwahi kufika hatua ya kukatazwa.

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye ni mpima ardhi, mtu asiyesema neno kabla hajaliona kuwa limenyooka.

"Mama anajua kufundisha," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Mimi alinifundisha yeye. Na daktari wa zahanati naye alifundishwa na yeye."

Mama mkwe anaishi Misungwi, nje kidogo ya mji, peke yake na kuku na ng'ombe wachache anaochungiwa na jirani. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mkunga wa zahanati, na muda wote huo aliwafuata wajawazito vijijini kwa baiskeli. Hayo nilikuwa nayajua, kama mtu anavyojua historia ya nchi nyingine. Baina yangu na yeye hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na shikamoo na marahaba. Miaka ishirini na moja nimeolewa kwake na aliniita "mwalimu", kama watu wa halmashauri wanavyoniita. Mara ya kwanza kunipikia alinitazama nikila ugali wa mtama, akasema kwa upole, "Watu wa ndizi." Hakuliendeleza, lakini nami sikulisahau.

Likizo ya Juni nikaenda Misungwi na begi dogo na suruali mbili. Nilimkuta amekaa kizingitini mwa jiko anabangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Mwanangu amesema unataka baiskeli."

"Ndiyo mama. Ni mambo ya kanisa."

"Kanisa linataka uende wapi?"

Nikamweleza habari za waraka, kamati na moshi. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea na karanga bila yeye kuvitazama. Nilipomaliza akasema, "Basi ipo chumbani. Itoe uipanguse. Leo hupandi. Leo unaisukuma."

Ilikuwa baiskeli nyeusi ya kiume, nzito, yenye bomba katikati na keria ya chuma nyuma iliyochongwa kubeba sanduku la vifaa vya uzazi. Vumbi lake lilikuwa la muda mrefu. Niliisukuma kuzunguka boma mchana kutwa. Yeye alibaki kizingitini, na nilipopita karibu yake alikuwa anasema mambo kama "gurudumu la nyuma lina njaa ya upepo" au "unaivuta, isukume." Jua lilipozama mikono ilikuwa inaniuma na nilikuwa sijakaa kwenye kiti hata mara moja. Alisema nimeanza vizuri.

Siku ya pili alinipeleka barabarani, kwenye mteremko mdogo ulio kati ya mashamba ya pamba. Akashika kiti kwa nyuma, nikapanda, akaachia. Nikaingia kwenye ua wa minyaa. Maziwa ya minyaa yakiingia machoni ni balaa, na yeye aliniosha kwa maji ya kisima, kikombe baada ya kikombe, akinifunua kope kwa dole gumba kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Kisha akaniambia nirudi juu.

Siku ya tatu nilimgonga ng'ombe. Kwa haki, ng'ombe alikuwa amesimama na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda. Hakuanguka wala hakukimbia. Aligeuza shingo akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Mimi nilikaa chini na baiskeli juu yangu.

"Umemgonga wapi?" mama mkwe aliuliza kutoka alikokuwa amesimama.

"Ubavuni."

"Ana mimba huyo?"

"Sijui mama."

"Kesho umpitie kwa mbali."

Siku ya nne tulikuwa na mtazamaji. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye nadhani kazi za shamba zilikuwa zimemwishia, alileta kigoda akakiweka pembeni ya barabara. Siku ya tano alileta kigoda na mke wake. Walinisalimia kwa heshima kila nilipopita, na nilipoanguka walikuwa wanasema "pole mwalimu" kwa pamoja, bila kuinuka.

Jambo nililoanza kulishangaa ni jinsi mama mkwe alivyonifahamu. Alikuwa anasimama mahali pamoja, karibu na nguzo ya umeme, mkono mmoja kwenye nguzo. Mimi nikiwa hatua hamsini mbele yake alikuwa anajua kila ninalofanya. "Umeacha kukanyaga." "Mnyororo umelegea." "Unaogopa, punguza breki." Nilidhani huo ndio utaalamu. Nilijiambia kwamba mtu akifanya kitu miaka thelathini anaona hata yale ambayo macho ya kawaida hayaoni.

Mchana tulikuwa tunakaa jikoni, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka sana kuwa na adabu nyingi, tukaanza kuzungumza. Alinisimulia njia zake. Alikuwa anazitaja kwa miti. Kutoka zahanati unakwenda mpaka kwenye mkwaju mkubwa, hapo unakata kushoto, unapita mikuyu mitatu kwenye kijito, ukiukuta mwarobaini umepita nyumba ya mgonjwa. Aliwahi kuzalisha chini ya mmoja wa ile mikuyu, mvua ikinyesha, kwa sababu mtoto hakuwa na muda wa kungoja.

"Bado ipo?" nikauliza.

"Uliokuwa mkubwa ulikatwa kwanza. Ukawa mkaa. Halafu wa pili. Wa tatu ulianguka wenyewe, kijito kilipokauka. Mkwaju waliutoa wenye barabara." Alipeta karanga kidogo. "Mwanangu anapita huko kwa gari kila akija. Nilimwuliza kama ameona mikuyu haipo. Aliniuliza, mikuyu ipi?"

Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha mbele kila mara alipopita.

Siku ya saba nilifika mwisho wa mashamba, nikageuza bila kushuka, nikarudi. Sikuanguka. Wale wazee wa kigoda walinyamaza kabisa, jambo ambalo nililichukulia kama pongezi. Karibu na nguzo nikaacha kukanyaga, nikaiacha baiskeli itembee yenyewe, nikashuka taratibu na kusimama mbele ya mama mkwe kama hatua tatu. Nilikuwa natabasamu. Nilingoja aseme neno.

Alikuwa anatazama barabarani, kana kwamba sipo mbele yake.

"Huyu naye amechelewa wapi," akasema peke yake.

Nilisimama pale. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wake na sikujua nifanye nini na uso wangu. Mwisho nikasema, "Mama, nimerudi."

Akageukia sauti. Macho yake yalikuja karibu na yangu, lakini hayakufika.

"Hukupiga kengele," akasema.

"Sikupiga."

"Baiskeli ina kengele kwa ajili hiyo."

Tulirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli, yeye ameshika keria. Nilikuwa nimedhani siku zote anashika keria ili kunisaidia kusukuma. Jikoni akaniambia, bila kuulizwa, kwamba jicho la kulia lilianza kuwa na ukungu miaka mitatu iliyopita na la kushoto likafuata. Watu huwatambua kwa sauti na mwendo. Ng'ombe humwona akiwa karibu kabisa. Baiskeli alikuwa ameiacha na kuwaambia majirani kwamba anaipumzisha.

"Ni mtoto wa jicho mama. Wanatoa hospitali, ni jambo la muda mfupi."

"Nimefanya kazi zahanati kabla hujazaliwa."

"Basi unajua."

"Najua. Mama yangu mdogo alitibiwa macho na mtu wa mnadani, mtembeza dawa. Alikwenda anaona ukungu akarudi haoni kitu. Mimi ndiye niliyemshika mkono."

"Yule hakuwa daktari."

"Hakuwa. Na mimi nilikuwa nawaambia wagonjwa hivyo hivyo. Lakini macho haya ni yangu." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Usimwambie mwanangu."

Nilisema nitamwambia. Alikuwa hajawahi kupingwa na mimi, na mimi sikuwahi kujisikia nikimpinga, hivyo tulikaa wote wawili tukilisikiliza jambo hilo. Kisha akasema kwamba akija kwetu Mwanza kwa ajili ya macho, atakuja kwa sharti moja. Nimpeleke hospitali mwenyewe, kwa baiskeli, nyuma kwenye keria, kama alivyowahi kuwapeleka wengine.

Nilijua kwa nini alisema hivyo. Alikuwa amenisikiliza nikianguka siku saba.

Nilimweleza mume wangu. Akaenda kwenye baiskeli za mtumba akaniletea moja ya kike, ya zambarau, yenye kikapu mbele. Fundi wa baiskeli akaiongezea keria imara. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake.

Muhula ulipofunguliwa nikaanza kwenda shuleni kwa baiskeli. Siku ya kwanza mlinzi hakunifungulia geti. Aliniambia wanaoleta maandazi wanapita mlango mdogo. Nikamwambia mimi ni mwalimu, akatazama baiskeli, akanitazama, akasema, "Shikamoo mwalimu. Pole." Kwenye ofisi ya walimu nako walinipa pole. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama ndoa iko salama. Majirani walikuja wawili wawili jioni, wakakaa, wakauliza habari za gari kwa kuzunguka, na nilipowaonyesha gari limesimama uani, zima, walizidi kuhuzunika, kwa sababu sasa lilikuwa ni suala la akili.

Vijana wa bodaboda pale kona walikuwa wakweli zaidi. "Mama, hiyo imeisha mafuta?" waliuliza wiki ya kwanza. Wiki ya pili walinionyesha upande gani wa barabara una mashimo machache. Wiki ya tatu sketi yangu iliingia kwenye mnyororo mbele yao, na mmoja akaikata kwa kisu, akanipa kipande cha mpira wa tairi la ndani nifungie pindo. Ninacho kipande hicho mpaka leo. Malori yalikuwa yananipita karibu mno, na kilima cha kurudia nyumbani sikukipanda bila kushuka mpaka mwezi wa nane. Sisemi kwamba nilifurahia. Kuna asubuhi nilizokuwa nalitazama gari kwa hamu kama chakula.

Lakini nilianza kuona. Nilikuwa sijui kwamba njiani kuna kalavati. Nilikuwa nimelipita kwa gari maelfu ya mara, nikalijua kama mahali ambapo gari linatikisika. Kwa baiskeli nililisikia kwanza harufu. Chini yake kuna kijito kinachoshuka ziwani, na mdomo wa kalavati ulikuwa umezibwa na chupa za plastiki, mifuko, viatu na godoro moja. Korongo wawili wakubwa, wale ndege wenye vichwa vya upara, walikuwa wamesimama juu ya godoro kama wamiliki.

Niliripoti kwenye kamati. Mzee wa buti akaniomba nieleze mahali penyewe tena. Nikaeleza.

"Lile nililijenga mimi," akasema. "Nilisimamia. Maji yalikuwa yanapita pale unaona mchanga."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu pale na majembe, reki na magunia. Mchungaji alikuja kutuombea, akiwa ndani ya gari, kioo kikiwa chini. Tulitoa taka siku tatu za Jumamosi. Godoro lilitushinda, mpaka vijana wa bodaboda walipoona aibu wakashuka kutusaidia. Maji yalipoanza kupita, machafu na membamba, mzee alisimama kwenye ukingo na buti zake ndani ya kijito na hakutaka kuondoka. Hatimaye buti zile zilikuwa kazini.

Mwezi wa tisa mama mkwe alipiga simu. Alisema kuku wanaendelea vizuri. Alisema mvua bado. Kisha akasema, "Yule wa kigoda nilimwamkia leo asubuhi. Ilikuwa ni nguzo." Akakata simu. Mume wangu akaenda kumchukua siku iliyofuata.

Kliniki ya macho iko karibu na ziwa, kilomita mbili na kitu kutoka kwetu, sehemu kubwa ikiwa tambarare. Siku ya upasuaji mume wangu alisimama uani na ufunguo wa gari mkononi, tayari. Mama yake akamwambia aweke ufunguo mfukoni atutangulie kwa miguu kama anataka. Akakaa kwenye keria upande upande, kanga mbili, mkoba mapajani, mkono mmoja kiunoni mwangu. Alikuwa mwepesi kuliko madaftari ya kidato cha pili.

"Kiti chako kiko chini," alisema kabla hatujafika getini.

"Nimezoea mama."

"Magoti yatakuja kukudai."

Nilikanyaga. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya mtihani wa leseni. Nilikuwa nasema kwa sauti kila kilichokuja mbele yetu: shimo, bajaji, mbuzi wawili, kona ya kushoto. Yeye alikuwa anajibu "haya" kwa kila kimoja. Baada ya muda nikagundua kwamba ananitangulia. Alisikia lori kabla yangu. Alisikia kijito. "Hapa kuna maji," akasema tukipita kalavati, na mimi nikasema ndiyo mama, kuna maji. Pale kona vijana wa bodaboda walisimama wote kumsalimia, shikamoo bibi, na yeye akajibu marahaba kwa kila mmoja peke yake, hivyo ilibidi nipunguze mwendo.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na baridi.

"Ng'wana wane," akasema, ambayo ni mwanangu kwa Kisukuma, "wakiuliza dawa ninazotumia waambie hakuna, ila nimekunywa chai." Sidhani kama aliona ameniita nini. Nilikaa kwenye benchi nikaisoma karatasi ya tangazo ukutani mara nyingi, na sikumbuki ilisema nini.

Walifanya jicho moja kwanza. Muuguzi alituambia mgonjwa asiiname, asinyanyue kitu kizito, na asipandishwe baiskeli kwa wiki kadhaa. Alisema neno baiskeli akinitazama mimi. Hivyo mume wangu akapata kutumia ufunguo wake, na hakuficha furaha.

Bandeji ilitolewa kesho yake. Mama mkwe alikaa akipepesa, akauangalia mlango, dirisha, mikono yake. Aliiangalia mikono muda mrefu, juu na chini. Kisha akaniangalia mimi.

"Umezeeka mwalimu," akasema.

"Ndiyo mama."

"Hata mimi lazima." Akaomba kioo. Muuguzi hakuwa nacho, na yeye akasema basi, hakuna haraka.

Jicho la pili lilifanywa wiki kadhaa baadaye. Kwa muda huo alikaa kwetu, na alipokuwa anangoja aliona mambo mengi. Aliona kwamba pazia la sebuleni halijafuliwa vizuri. Aliona kwamba mwanaye ana mvi. Alinitazama nikiondoka asubuhi kwa baiskeli, akasimama getini, na siku ya pili alikuja na spana akapandisha kiti changu bila kuniuliza. Magoti yalipata nafuu. Jumapili alikwenda nasi kanisani, ingawa yeye ni Mkatoliki, na baada ya ibada mchungaji alimweleza kwamba naye amenunua baiskeli. Mama mkwe aliomba kuiona. Ilikuwa ofisini, nyuma ya kabati la vitabu, bado imefungwa nailoni kwenye pedali.

"Ni nzuri," akasema mama mkwe. "Itadumu sana hapo."

Siku ya kuchunguzwa mara ya mwisho daktari alimsomesha herufi ukutani. Alizisoma zote, hata jina la kiwanda kilichochapa karatasi. Daktari akasema sasa yuko huru, anaweza kufanya shughuli zake. Akauliza shughuli zenyewe ni zipi.

"Baiskeli," akasema.

Daktari akaniangalia mimi. Nilitazama ukuta.

Nilikuwa nimeileta baiskeli, lakini tulipotoka akakataa kupanda nyuma. Alisema anataka kusukuma kidogo. Akaishika ile ya zambarau kwa usukani, akaikagua, akasema kikapu ni kitu cha maana na kwamba watu wa zamani walikosea kutokuwa nacho. Tukatembea mpaka mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha samaki, kwa sababu alikuwa hajaliona ziwa miaka mitatu. Ilikuwa karibu adhuhuri. Wanawake walikuwa wameanika dagaa kwenye nyavu, maji yametulia, na mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine upande wa pili kama yalivyo siku zote. Alisimama akitazama. Nilidhani atasema neno la kumshukuru Mungu, nikajiandaa kusema amina.

"Pachafu," akasema.

"Ndiyo mama. Tunakuja Jumamosi. Tuko watatu."

Akanipa usukani. Akashuka kwenye mchanga, akainama, ingawa bado sina uhakika kama kuinama kulikuwa kumeruhusiwa, akaokota chupa ya maji, akaja kuiweka kwenye kikapu. Akarudi kuchukua nyingine. Alikuwa anazichagua kwa mbali, ananyoosha kidole kwanza, "ile pale," halafu anaifuata, moja kwa moja, bila kupapasa. Nikaegesha baiskeli kwenye jiwe, nikavua viatu, nikaanza upande wa pili. Mwanamke mmoja wa dagaa alitutazama, akatupa gunia tupu bila kuuliza kitu.

Tulifika nyumbani saa nane na nusu. Mume wangu alikuwa amekula peke yake, ameosha sahani yake, na amekaa barazani. Aliuliza daktari amesemaje.

"Amesema naona," mama yake akamjibu, akaingia ndani kunawa mikono.